Siku Niliyomfanya Popo Tajiri

Hili nalisimulia nimeinamisha kichwa, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka mpaka nikajichukia. Ilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nimepanga chumba mtaa wa Xiaobei, nanunua vitambaa soko la Zhongda na kuvituma Dar kwa kontena (tulichangia watu saba, na fungu langu lilikuwa dogo kuliko yote). Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa bibi mjane, tukimwita Popo kama wanavyoitwa vikongwe kule, yeye akinipa uji asubuhi nami nikimpandishia mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tano.

Magoti yalipomshinda ngazi, Popo akaomba nafasi katika nyumba ya wazee ya mtaa. Kabla ya kukupokea, kamati ya mtaa huja kukupima: kama huna mtoto wala kipato unakaa bure, kama una mtoto mwenye uwezo, mtoto analipa. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, jamani, kwa sababu Popo aliniambia tu kwamba kesho atakuja mgeni wa serikali, na mimi sikuuliza anafuata nini.

Sasa mimi ni mtoto wa Unguja, nimelelewa kwamba mgeni akija dhiki inafichwa, hata kwa kuazima sahani za jirani. Nikatazama chumba cha Popo, kitanda, kiti kimoja na sufuria, nikaona tutaaibika (tutaaibika! nani alinituma?), basi alipokwenda kliniki nikahamishia kwake televisheni yangu, feni, zulia na majora manne ya kitambaa, nikayapanga ukutani yapendeze, kisha nikavaa kanzu nikakaa kungoja.

Akaja mama mmoja wa miwani, daftari mkononi, wakaingia pamoja na Popo. Akauliza televisheni ile ya nani. Nikamwambia ni ya mama. Mama yupi? Nikamshika Popo bega, na kwa Kichina changu cha sokoni nikasema:

"Huyu ni mama yangu. Mimi mwanawe, nafanya biashara, hakosi kitu."

Popo hakunikana, machozi yakamlengalenga. Yule mama hakucheka, maana hata kwao mtu humfanya mtu baki kuwa mwanawe. Akaniita laoban, yaani bosi, nami nikavimba kichwa nikamweleza habari za kontena bila kuwataja wale sita wengine.

Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba Popo atalipa kila mwezi, kwa kuwa ana mwana mfanyabiashara na vitu vya thamani ndani. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akaanza kufungua furushi lake la nguo alilokuwa ameshalifunga, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Nikaenda kwenye kamati kujieleza, wakasema nijieleze mbele ya majirani, ndio mashahidi. Basi nikasimama uani, jengo zima limetoka, nikakiri kwamba televisheni ni yangu, zulia ni langu, kontena si langu. Watu walicheka na mimi nikacheka nao kidogo, nikidhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Yule mama wa miwani akamgeukia Popo, akamwambia na yeye aseme kwa kinywa chake, ana mtoto au hana?

Popo alinitazama kwanza, kama anayeniomba radhi.

"Mei you," akasema. Hakuna.

Uani hakuna aliyecheka tena. Mwanamke aliyezeeka kwenye jengo lile bila kumlilia mtu upweke wake, mimi nimemfanya autangaze hadharani, na juu ya hayo anikane. Nafasi aliipata, bure, na furushi nililibeba mimi. Mlangoni pa nyumba ya wazee wakaniuliza mimi nani wake, nikasema jirani. Tangu siku hiyo siwezi kumsitiri mtu kabla ya kumuuliza anataka kusitiriwa nini, na mtu akiniambia ana mgeni, mimi nauliza kwanza mgeni huyo anafuata nini.