Tangazo la Blandina

Blandina alisoma matangazo ya kanisa letu la Rhotia kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna aliyeoa wala aliyekufa bila kupitia kinywani mwake. Mwaka 2008 alipofungua chumba cha intaneti mjini Karatu, kompyuta nne na dishi juu ya bati, tulimtania kwamba amejipatia kipaza sauti kikubwa zaidi.

Akafungua ukurasa wa Wana-Rhotia waliotawanyika duniani. Mimi niliona ni umbea wa kisasa, na nilikosea. Zahanati yetu ilikuwa imekaa miaka sita bila paa. Simon, mtoto wa mzee Qamara, aliyekuwa akisomea uhandisi Dar es Salaam, alichora paa na kuutuma mchoro. Mwenzetu wa Mwanza akasahihisha kenchi, zile mbao za kubebea bati, na Clara aliyeolewa Ujerumani akatafuta mabati. Watu wasioonana tangu darasa la saba wakajenga pamoja. Mzee Qamara, ambaye hakujua kusoma, alikuja kuuona mchoro wa mwanawe, akaugusa kwa kidole palepale kwenye kioo. Blandina akampiga picha.

Alhamisi moja asubuhi mzee huyo alianguka akipalilia maharage, akafa kabla gari halijafika.

Kwetu mtoto aliyefiwa akiwa mbali hapigiwi simu. Hutafutwa mtu wa damu yake, akamfuata, akamketisha, akampa maji, ndipo akamwambia. Kwa Simon kazi hiyo ilimwangukia baba yake mdogo, Patrisi, anayeishi hukohuko Dar, upande wa pili wa jiji. Alianza safari saa hiyohiyo.

Blandina hakuuliza nani ameshaambiwa. Kanisani hakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa karatasi ilimfikia familia imekwisha kujua. Alibandika ile picha ya mzee na kidole chake, akaandika: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu Qamara, kilichotokea leo asubuhi." Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikamwambia aongeze siku ya mazishi, na aliiongeza.

Pole zilimiminika. Blandina alizisoma kwa sauti huku machozi yakimtoka, na nadhani alikuwa na fahari kidogo. Alikuwa amefika ya thelathini na kitu Patrisi alipopiga simu.

"Blandina, nani amemwambia huyu mtoto?"

Blandina aliitenga simu na sikio, nami nikasikia yote.

"Nimemkuta anashikiliwa na wenzake. Nimekuja na maji kwenye chupa, Blandina. Nimechelewa."

Blandina alifuta tangazo, kisha akachomoa nyaya ukutani, kompyuta moja baada ya nyingine, na wateja wakiwa wamekaa. Hakuna aliyelalamika.

Siku ya pili baada ya mazishi, Simon alikuja pale kwenye chumba cha intaneti na Patrisi. Tangu afike nyumbani hakuwa ametoa chozi, na mama zake walikuwa wameanza kuogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Simon alitazama zile kompyuta zilizozimwa. "Kule chuoni mashine zote zilikuwa na watu. Rafiki yangu akanifungulia ukurasa nione kama kenchi zimepandishwa. Nilikuwa nyuma ya kiti chake." Akashika mgongo wa kiti. "Mama, nilikuwa nimesimama."

Nilitamani ardhi inimeze, maana ile siku ya mazishi kwenye tangazo ilikuwa yangu.

Blandina alivuta kiti chake mwenyewe, akamketisha Simon. Akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji, akampa Patrisi, kwa kuwa habari ile haikuwa yake kuitoa. Patrisi akachuchumaa mbele ya kijana.

"Kunywa kwanza, baba."

Simon akanywa.

"Mwanangu, baba yako hatunaye tena."

Hapo ndipo Simon alipolia.