Ngoma Niliyomkataza Mama

Safari hii ilianzia darasani. Nilikuwa nawafundisha wataalamu wenzangu wa fiziotherapia, hapa Dodoma, namna ya kumsaidia mtu aliyeishi na maumivu kwa miaka. Nikawaambia, kwa ukali wangu wa kawaida, kwamba kumkataza mgonjwa wa mgongo asiiname kabisa ni sawa na kumfunga kamba. Mmoja akaniuliza kama nami niliwahi kufanya hivyo. Nikacheka, nikaendelea na somo. Ukweli ni kwamba mgonjwa wangu wa kwanza, nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, alikuwa mama yangu mzazi.

Jumamosi alfajiri niliondoka Area D kwa bajaji, nikapitia Majengo kununua sukari na mchele, kisha nikapanda basi la Haneti. Nje kulikuwa na mashamba ya uwele, mawe makubwa na vumbi jekundu. Nilimkumbuka mama wa zamani: ameibana ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo, katikati ya mapaja, ameinama kidogo, wanawake wenzake wamejipanga kando yake. Alipoumia mgongo, nilimkataza ngoma hiyo kwa sababu ya huko kuinama. Miaka tisa sasa. Nilitamani kumwona tena mama yule.

Saa tano nilifika. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki nilichomnunulia mwenyewe, kajinyoosha kama anapigwa picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona ghafla, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba radhi."

Nilimweleza yote. Jeraha lilikuwa limepona zamani. Maumivu yalibaki, na woga niliompa mimi ndio ulioyalisha.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Ningekubishia kwa lipi? Kila Jumapili unanipigia simu, unaulizia mgongo. Hukuniuliza hata siku moja ninatamani nini."



Mchana tulianza na jambo dogo, kuokota ufagio. Alishika goti, akainama nusu, akainuka haraka.

"Unauma."

"Kama mwanzoni?"

Akafikiri. "Hapana. Kama wa mtu aliyelala sana."

Saa kumi wifi yangu, mke wa kaka, alitoka na ngoma aliyoachiwa na mama, anakwenda mazoezini na wanawake wa mtaa waliokuwa wakimsubiri uani na ngoma zao. Aliniambia kwamba siku zote ngoma zikianza kulia mama huingia ndani na kufunga mlango. Siku hiyo mama alinyoosha mikono. "Nipe kidogo."

Akaibana. Akapiga, akakosea, akapiga tena. Wenzake wakampokea kwa zao wala hakuna aliyemcheka. Nilitaka kumwelekeza mkao, nikajiuma midomo. Alichoka kabla wimbo haujaisha, lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nalia mbele za watu bila aibu.

Jumapili asubuhi alinisindikiza kituoni kwa miguu. Nilimwachia ratiba: leo dakika chache, kesho azidishe kidogo. Nimefundisha wengi kusoma maumivu ya mgonjwa. Kumuuliza amepoteza nini nimejifunzia Haneti, kwa mtu niliyepaswa kumuuliza kwanza.

Basi lilipopiga honi, alinishika mkono.

"Ukikosea tena, mwanangu," alisema, "njoo mapema. Mimi nazeeka."