Glovu ya Mhasibu

Mhasibu wetu hakai kitako. Tangu kiwanda chetu cha mipira kianze kufikiria kushona na glovu za magolikipa, kiti chake kimebaki kuwa cha kutundikia koti. Anapiga hesabu akiwa wima, anakwenda dirishani, anarudi, anafuta mstari aliouandika sasa hivi. Bei ya sponji, bei ya gundi, ujira wa washonaji: kila tarakimu huinong'ona kwanza, kama mtu anayeonja chumvi. Mkono wa kulia kavaa glovu ya sampuli, na kwa kuwa vidole vinene namna ile haviwezi kikokotoo, anabonyeza kwa kitako cha penseli. Nilipomuuliza mbona haivui, alisema anapima uimara.

Jana asubuhi mama mwenye kiwanda alisimama mlangoni na faili la mradi. "Mhasibu, nipe neno moja tu. Faida ipo?"

"Haipo, mama. Lazima tuuze pea elfu tatu, na kila timu ina golikipa mmoja. Wale kumi wengine hawana haja na sisi."

"Basi yaishe." Akamrushia faili, juu kidogo, likaelekea kona ya chumba.

Mzee mzima na miwani yake aliruka, akanyooka hewani, akalidaka, akaanguka nalo kifuani. Hata karatasi moja haikuchomoka. Alibaki sakafuni amelikumbatia, anahema.

"Mama," akasema bila kuinuka, "nipe mpaka Ijumaa. Nizipige upya."