Fundi Aliyeupigia Moyo Hesabu za Zege

Saa moja asubuhi. Fundi mwashi wa miaka hamsini na minne amesimama chini ya jukwaa la jengo la ghorofa tatu, shingo juu, anawafokea wenzake.

"Hiyo kona mmeipiga lipu mkiwa mmefumba macho?"

Wanacheka. Tangu awekewe stenti miezi sita iliyopita wamempachika jina la Meneja, maana kazi yake imebaki kunyoosha kidole.

Halipendi hata kidogo. Miaka thelathini amekula kwa kupanda majukwaa, na mchana huu daktari atamwambia kama atapanda tena.

Mshipa wa moyo wake ulioziba ni mwembamba, milimita mbili na kitu. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia ubaki wazi, lakini daktari hakumficha: mishipa myembamba huziba tena kirahisi kuliko minene. Akapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, asiache hata siku moja mpaka aambiwe.

Fundi aliposikia "wavu wa chuma", akili ikakimbilia kazini. Kwao, zege likishamwagwa, siku ya ishirini na nane limekomaa, unatoa mbao na nguzo. Basi siku ya ishirini na nane akavitupia vidonge juu ya kabati, roho kwatu.

Siku mbili baadaye mkewe akavikuta akifuta vumbi.

"Baba watoto, nani kakwambia moyo wako ni zege?"

Akaburutwa kliniki siku hiyo hiyo. Daktari hakufoka, ila alimweleza taratibu kwamba bila vidonge damu ingeweza kuganda ndani ya stenti, akafa huku akijiona mzima. Fundi akatamani sakafu immeze.

"Zege ukikosea unavunja, unamwaga jingine," anasema leo. "Moyo mwingine ningeutoa wapi?"

Mchana, hospitalini, anatembea juu ya mkanda wa mashine ya kupima moyo, nyaya kifuani, jasho linamchuruzika. Nje, mkewe amekunja kadi ya kliniki mpaka imechakaa pembe.

Dakika tisa, mashine inasimama. Daktari anasoma karatasi, anarudia kuisoma. Hakuna dalili kwamba mshipa umebana. Apande, ila mifuko ya saruji wabebe wengine, na vidonge viendelee.

Fundi anashusha pumzi. Jumatatu ataanza na ukuta wa ghorofa ya tatu. Kisha nyumbani kuna chumba cha juu kilichokwama usawa wa madirisha tangu augue.

"Mwaka huu nakiezeka," anasema.

Mkewe hana neno, mradi kidonge cha kila asubuhi kimezwe mbele yake. "Tena ufungue mdomo nione."

Meneja anaufungua papo hapo, katikati ya korido ya hospitali.