Mabusu ya Bwana Meno

Kuna vitabu ambavyo mtu mwenye adabu zake hawezi kumsomea mama mkwe wake, na fundi alikuwa akimsomea mama mkwe wake vitabu hivyo hivyo, mchana kweupe, mwaka wa tatu sasa.

Usimfikirie vibaya. Fundi ni mama wa watu, mshonaji wa mapazia na sare za shule. Chumba chake cha kazi ndicho chumba cha mbele cha nyumba anamoishi: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi juu ya kipande cha tofali, na kona moja imejaa mapazia ya watu yanayosubiri pindo. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Moyo ulimsumbua kwa muda mfupi tu, akafariki, akamwachia mkewe nyumba, boksi la bisibisi na mama yake mzazi.

Mama huyo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Lakini mikono yake ilikuwa mizima, na hakukubali kukaa bure. Fundi akishashona pindo, mama alipapasa kitambaa mpaka akaupata uzi wa bandi, ule wa kushikilia kwa muda, akauvuta wote kwa mkupuo mmoja bila kukwaruza kitambaa. Wateja walikuwa wanasimama kumtazama.

Kitabu cha kwanza kilikuja ndani ya mfuko wa mapazia ya mteja mmoja aliyehama asirudi kuyachukua. Jaladani alichorwa mwanamume mwenye koti refu na meno mawili yaliyochongoka, kamshika msichana kiuno kama anayeogopa kunyang'anywa. Fundi alikifungua siku moja baada ya chakula cha mchana, kazi ikiwa imepoa, na ukurasa wa pili ukamshinda akacheka.

"Unacheka nini peke yako, mwanangu?" mama aliuliza.

"Kitabu, mama. Kuna vampaya."

"Ndiyo kitu gani hicho?"

"Maiti anayetembea. Ananyonya damu za watu, na hazeeki. Huyu ana miaka mia nne."

"Na wewe unacheka?"

"Kampenda binti wa maktaba. Kila siku anakwenda kuazima kitabu ambacho hakisomi."

Mama aliweka chini pazia alilokuwa nalo. "Hebu soma tusikie."

Mambo yalikwenda vizuri. Mama alimwita yule vampaya Bwana Meno, na alikuwa na maswali yake. Damu ikimwagikia shati jeupe, anaitoa na nini? Mtu ameishi miaka mia nne, hajajifunza kuosha kikombe chake? Fundi alisoma, wakacheka, mpaka wakafika pale ambapo mvua inanyesha na Bwana Meno anabisha hodi kwa binti.

Hapo mwandishi, ambaye haya alishaziaga zamani, aliandika kurasa nne nzima za mabusu na vifungo vya blauzi. Fundi alikuwa ameshatamka "akam..." alipoona kinachokuja. Mama alikuwa ametega sikio, kichwa kimeinama kidogo. Kuliko kumsomea mama mkwe mambo kama yale, tena mama aliyemzaa mume wako mwenyewe, ni afadhali uungue na pasi.

"Akam... akamuuliza kama paa linavuja," fundi alisema.

"Ehe. Linavuja?"

"Linavuja sana, mama."

Basi Bwana Meno akavua koti, akapanda juu ya paa, akatazama bati na kusema, "Haya, mgonjwa wetu ana nini leo?" Akagonga misumari mvua ikimnyeshea. Aliposhuka alipewa chai, akaipuliza ingawa ilikuwa imeshapoa.

Mama alisogeza kiti chake karibu zaidi. Kisha akasema, "Endelea."

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi, pasi ikipata moto, fundi alipitia kurasa za siku ile kwa macho ili ajue mabusu yako wapi. Mchana akisoma alifika pale, akaruka, na kwenye pengo akaweka kitu kingine. Sasa mtu utayatoa wapi, kwa haraka hivyo, mambo ya mwanamume aliye nyumbani kwa mwanamke anayempenda? Mwanamume ambaye fundi alimjua hivyo ni mmoja tu, mumewe. Kwa hiyo Bwana Meno akawa mtu asiyeweza kupita mlango uliolegea bila kuutengeneza. Alilegeza mkanda wa saa kabla ya kula. Aliimba nyimbo kwa maneno yasiyo yake. Kila kilichoharibika alikiita mgonjwa. Penye busu palikaa kipande cha marehemu, na kwa kuwa mwandishi yule hakuwa bahili wa mabusu, marehemu alienea kitabu kizima.

Kusema kweli, fundi alikuwa anamkosa mumewe kiasi cha kuumwa. Katika nyumba ile jina lake halikutajwa. Mama hakumtaja asije akamliza mkwewe, na mkwe hakumtaja asije akamliza mama, wakaishi hivyo kwa kuoneana huruma. Bwana Meno ndiye aliyepata ruhusa ya kuingia.

Vitabu viliendelea kuja. Muuza vitabu vya mitumba, anayepita mtaani na mkokoteni wake, aligundua kwamba hadithi ile ina mfululizo mrefu usio na aibu, akawa anamtafutia fundi kimoja baada ya kingine. Matatizo nayo yakaja. Katika kitabu cha sita binti wa maktaba alijifungua. Fundi, ambaye kwa vitabu vitano alikuwa amewafanya wapenzi wale wazibe paa, wanyooshe milango na kunywa chai, alijikuta na mtoto asiye na maelezo.

"Wamemwokota," alisema. "Kwenye ngazi za maktaba."

"Maskini," mama alisema.

Kitabu cha nane mtoto akaota meno kama ya baba yake.

"Meno yanaambukiza?" mama aliuliza.

"Kwa watu hawa, ndiyo, mama. Wakikaa nyumba moja."

Mama aliuma midomo, akainamia pazia lake. Fundi alidhani ni uzi umemkwama.

Walikuwa wanakaribia mwisho wa mfululizo pale wifi alipopiga simu. Huyu ni dada wa marehemu, anakaa mji mwingine, ana nafasi nyumbani kwake, na alikuwa amepata daktari wa macho wa kumfanyia mama upasuaji. Hilo lilikuwa jema, hakuna ubishi. Lakini aliendelea.

"Akishatibiwa abaki huku moja kwa moja, wifi. Nakushukuru, umemtunza. Ila kaka ndiyo hayupo tena. Mama atakaa kwako kama nani?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomkaa fundi rohoni, kwamba halikuwa na ubaya wa kuugombania. Alimpa mama simu, akaenda kusimama jikoni, na kutoka huko akasikia jibu: "Ngoja kwanza tumalize vitabu, mwanangu. Kimebaki kimoja."

Siku zilizofuata fundi alishona mapindo mawili kombo, jambo ambalo halijapata kutokea. Kama wanaomfanya mama akae ni Bwana Meno na binti wa maktaba, basi kitabu cha mwisho kikifungwa na mama anaondoka, na chumba kile kitabaki na cherehani. Muuza vitabu alipokileta, alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea barua ya kufukuzwa kazi. Asubuhi iliyofuata akakipitia harakaharaka, akaenda moja kwa moja kurasa za mwisho.

Bwana Meno alikuwa anakufa. Mapenzi yamemchosha kuishi milele, ametaka kuzeeka na mkewe, ameuacha uvampaya wake, na mwili wa miaka mia nne haukuwa na akiba ya kutosha. Anafia kitandani, mkewe amemshika mkono. Fundi alikifunga kitabu, akakichimbia chini kabisa ya gunia la mabaki ya vitambaa.

"Hakijafika?" mama aliuliza mchana.

"Kimefika," fundi akajikuta anasema, kwa sababu alitaka kusoma. Akachukua jarida la mitindo ya mapazia, akalifunua mbele ya uso wake, akaanza.

Aliyosoma hayajaandikwa na mtu. Bwana Meno alifungua karakana. Alikuwa anatengeneza mafriji. Vampaya aliyezoea makasri na mishumaa akawa analala chini sakafuni, tochi mdomoni, anasikiliza kama kompresa, ile mashine ya nyuma ya friji, inakoroma au inapumua. Watu walimletea mafriji kutoka kila mtaa. Mkewe alimletea chai. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyezeeka, na kila siku liliongezeka friji jingine la kutengeneza. Fundi aliona kwamba hadithi ya namna hiyo inaweza kwenda miaka.

Ilikwenda wiki mbili hivi. Mchana mmoja mkokoteni ulisimama mbele ya mlango, na muuza vitabu, ambaye hajawahi kufunga mdomo kwa jambo lolote, akamwaga mtama wote.

"Fundi! Kile cha mwisho umekionaje? Mke wangu kalia hapo yule vampaya anapokufa, utadhani yeye ndiye mjane!"

Fundi alimwambia kitu, hakumbuki nini, na mkokoteni ukaenda zake. Fundi alirudi ndani, jarida bado mkononi. Mama alikuwa na pazia la bluu mapajani na hakuuvuta uzi wake.

"Hicho ulichoshika si chenyewe," alisema.

"Si chenyewe, mama."

"Ni nini?"

"Jarida la mapazia."

"Nami nilikuwa najiuliza. Karatasi zake zina mlio mwingine." Mama alikunja pazia taratibu. "Mwanangu, mabovu ni macho. Masikio ninayo. Huyo anayepuliza chai iliyopoa nimemzaa mimi. Alianza akiwa mdogo hivi, anapuliza hata uji wa jana."

Fundi aliweka jarida mezani, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu siku ya paa. Nikajiambia, nikisema neno ataacha. Nikanyamaza, nikapewa mwanangu kila mchana."

"Nisamehe, mama. Sikukusudia. Niliona haya kukusomea yale mengine."

"Yapi?"

"Mabusu."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la pazia la mteja. "Mabusu! Na mimi nimezaa. Au na mimi ulidhani nimewaokota kwenye ngazi?"

Fundi naye akacheka, halafu kicheko kikamgeuka. Alilia waziwazi, kwa mara ya kwanza mbele ya mama yule. Mama alimngoja. Hakumwambia anyamaze.

"Anakufa, siyo?" aliuliza baadaye.

"Anakufa."

"Kilete ukisome kama kilivyoandikwa. Usimruke. Ukimaliza, utanisimulia na yule wetu. Siku ile hospitali ulikuwepo wewe, mimi nilikuwa njiani. Mpaka leo sijui mwanangu aliondokaje, na nimeogopa kukuuliza."

Fundi alilifukua gunia. Akasoma sura ya mwisho neno kwa neno, hata mahali ambapo binti anambusu Bwana Meno mdomoni, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Binti alimpenda mumewe kufa na kuoza, na Bwana Meno, maskini, hatimaye akapata ruhusa ya vyote viwili. Mama alisikiliza mikono imetulia. Kitabu kilipoisha aliitikia kwa kichwa mara moja, kana kwamba ameridhika na kazi ya mtu, akasema, "Haya. Sasa wetu."

"Hakuteseka sana, mama. Alikuwa amechoka tu. Nilikuwa nimekaa upande wa dirisha. Alitazama pazia la wodini muda mrefu, akaniambia, 'Pindo lile limekwenda kombo. Wewe usingelishona hivyo.' Nikageuka kulitazama. Lilikuwa kombo kweli. Nikamwambia ndiyo, limekwenda kombo. Alikuwa hayupo."

Mama alirudia maneno yale polepole, yote, ili ayashike. Kisha akanyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na goti la mkwewe, akauacha hapo. Walikaa hivyo mpaka mteja wa sare alipobisha hodi, akaambiwa arudi kesho.

Jioni mama aliomba apigiwe simu kwa binti yake.

"Nakuja kwa daktari," alimwambia. "Ndiyo, wiki ijayo. Macho tu. Yakishapona mnirudishe nyumbani."

Wifi alisema neno huko aliko. Mama alisikiliza, akakunja uso.

"Hapa ninapokupigia," alijibu, akamrudishia fundi simu bila kuaga. "Wifi yako huyo. Eti ananiuliza nyumbani ni wapi. Mtu mzima yule!"