Saini ya Mtu Unayesoma Naye

Mwaka wa kwanza wa uhandisi nilipata kumi na moja kwa mia katika hisabati. Kumi na moja, mimi niliyeongoza darasa tangu shule ya msingi! Kesho yake nilikwenda ofisi ya usajili kuchukua fomu ya kuacha masomo.

Karani wa fomu hizo tulimwita Mama Muhuri. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini kwa ukaidi alikuwa mlango uliovimba kwa mvua. Alinipa fomu bila swali. Nikajaza upesi hadi mstari wa mwisho: saini ya mwanafunzi unayesoma naye. Hapo nikakwama, kwa sababu muhula mzima nilisoma peke yangu, nikijiona kisiki cha mpingo.

"Basi haijakamilika, mwanangu," akasema, akanionyesha benchi.

Kwenye benchi alikaa kijana wa uhandisi wa umeme mwenye fomu kama yangu, naye hana wa kumsainia. Tukataka kusainiana hapohapo yaishe. Mama akakataa katakata: hatujasoma pamoja, na uongo haugongwi muhuri. Kila mmoja alete swali lililomshinda, tulifanye wote, ndipo turudi. Siku ile nilimchukia, sifichi.

Swali langu lilituchukua siku mbili, lake tatu. Yeye alikuwa amepata tisa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe. Wiki ya pili, pamoja na wengine waliotoka benchi lile, tulikuwa watano, na hakuna aliyetaja tena habari ya kuondoka.

Mwaka wa tatu nikachaguliwa mwakilishi wa wanafunzi, nikapewa kitabu cha kanuni. Fomu ya kuacha masomo iliyokuwa humo haikuwa na mstari ule wa saini hata kidogo. Nikaenda kumtania mama kwamba leo nimemkamata. Alikiri aliuongeza mwenyewe, na kwamba wakubwa wakijua kibarua chake kitaota nyasi. Nikamwuliza kwa nini ajitie matatani kwa ajili ya watoto wa wenzake.

"Zamani nilisifiwa kwa kasi," akasema. "Dakika tano, muhuri, mtu aende. Siku moja akaja na fomu hiyo mwanangu wa kumzaa, mwaka wa kwanza kama wewe ulivyokuwa. Watu walikuwa kwenye foleni, sikutaka waseme nampendelea. Nikamgongea. Sikumwuliza hata amekwama wapi."

Nilikaa naye hadi saa ya kufunga ofisi.