Nyati Aliyeachwa Masanze

Siku yangu ya kwanza kazini kama askari wa wanyamapori wa kijiji, hapa Masanze, kiongozi wetu wa doria, Afande Mloka, alimwangusha ngiri aliyekuwa anafukua mihogo. Wenzangu wakamkimbilia wakishangilia. Mimi nikabaki nyuma. Mloka akanigeukia.

"We Chande, kazi hii uliomba au ulisukumwa?"

"Niliomba, afande. Nataka tembo wasitumalizie mahindi."

"Basi ungelinda kuku!" Wakacheka wote.

Niliishia darasa la nne, lakini hili nimeliona. Kuna mtu akikuta nyayo mbichi anasahau hata njaa. Mwingine anawaza kwanza watoto wa mnyama huyo wako wapi. Mdogo wangu aliacha shule kwa ajili ya mitego. Mimi hata njiwa sikuwahi kumpiga manati. Baba mmoja, mama mmoja. Sababu siijui.

Ila ninyi mnaoomba kazi hii, jueni: wengi wenye hamu hupenda risasi, kufuata hawapendi. Masika moja Mloka alimpiga risasi nyati aliyetoka upande wa hifadhi ya Mikumi, nyati akakimbia. Tukaangalia damu. Ya mapafu huwa na povu, mnyama hafiki mbali. Ile ilikuwa nyeusi, ina chembe za majani yaliyotafunwa. Ya tumbo. Nyati wa namna hiyo hujificha siku kadhaa, ana maumivu, anamsubiri mtu. Sheria yetu ilikuwa umfuate mpaka ummalize, na watu wa mashambani waambiwe.

"Atakufa mwenyewe," Mloka akasema. "Mkisema, tutanyang'anywa bunduki. Fungeni midomo."

Nikafunga. Kesho yake asubuhi nikashindwa kunyamaza, nikakimbilia bondeni watu walikokuwa wanapalilia. Nikamkuta nyati juu ya Mama Tatu, jirani yetu. Nikapiga kelele, akanigeukia. Nilivunjika nyonga. Mama Tatu walimzika mimi nikiwa wodini.

Kazi ikaishia hapo. Mloka aliandika kwenye ripoti kwamba nyati yule alikuwa mgeni, hakuna aliyekuwa amempiga risasi. Wiki iliyopita alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu. "Chande! Unazikumbuka pembe za yule nyati? Pana kweli kweli!" Nyonga hakuiulizia.

Sasa kijiji kinataka awafundishe askari wapya. Mkutano ni leo saa nne. Najua wataniuliza: wewe mbona ulinyamaza? Nitasimama hivyo hivyo. Nitalitaja jina la Mloka, halafu langu, na mume wa Mama Tatu atakuwa amekaa mbele.